Siku Amri Alipomtembeza Mkwe Wake Nachingwea

Wako waliokuwa wakikaa Nachingwea, na wako waliokuwa watu wa Nachingwea, na Amri wa Lionja hakumruhusu mtu yeyote kuchanganya mambo hayo mawili. Kukaa, alisema, hata mbuzi hukaa. Mtu wa Nachingwea ni yule aliyesimama mbele ya makatapila mawili yaliyofungwa mnyororo mmoja, akaliona pori zima likilala chini kama nyasi za kuezekea. Ni yule aliyeoga chini ya bomba la juu, maji yakimwagika yenyewe bila mkono wa mtu kuinua kata. Ni yule aliyegombania nafasi ya kuketi kwenye uwanja wa sinema siku ya Jumamosi, akarudi kwake akiwa bado anawakimbia farasi wa kwenye kitambaa. Asiyefanya hayo, hata angekuwa na nyumba na kuku, kwa Amri alikuwa mpita njia.

Yeye mwenyewe alikuwa mtia girisi kwenye mashine za shamba la karanga la Waingereza, na girisi ile aliivaa kama wengine wanavyovaa kanzu mpya. Alikuwa na jambo moja tu lililomkosesha usingizi. Alitaka kumwoa Sabaha, binti wa Matambarale, upande wa Ruangwa, na alitaka kukaa naye Nachingwea.

Hapo ndipo mila ilipokaa njiani. Kwa akina Sabaha, ambao ni Wamwera wa zamani, mwanamume ndiye humfuata mwanamke. Hutoka kwao na jembe begani, akajenga pembeni mwa nyumba ya mama mkwe, akalima shamba la mjomba wa mkewe mpaka siku watakaposema, haya, huyu sasa ni mtu.

"Mimi sikukimbia jembe Lionja ili nikalikute Matambarale," Amri alimwambia Sabaha.

Sabaha alicheka. "Kawaambie mwenyewe. Mimi nitakuja hata kesho. Lakini mjomba akisema hapana, siji, na usinitumie mtu."

Mjomba Bashiri hakusema hapana. Alituma neno kwamba atakuja kuona kwa macho yake, yeye na dada yake Mwamini, mama mzazi wa Sabaha, mjane aliyekuwa akikaa uani kwa kaka yake na kuwatwangia wake zake. Masharti yake yalikuwa mafupi. "Nikiuona mji, nitamwachia Sabaha aje. Nikiona kambi, wewe utachukua jembe uje ujenge pembeni mwa mama mkwe wako, na neno hilo lisirudiwe."

Amri alikubali hapohapo, tena kwa kicheko. Kambi! Nachingwea!

Siku iliyowekwa ilikuwa Jumamosi, mwaka wa hamsini na moja. Kwa zaidi ya mwezi mmoja Amri alikuwa porini upande wa Kiegei, analala hemani, anatia mashine girisi. Huko porini maneno yaliwafikia kwamba karanga zimewashinda Wazungu, kwamba wengine wanafunga mizigo. Amri aliyasikia akayaacha yapite. Asubuhi ya siku yenyewe alidandia lori, akarukia sokoni kabla halijasimama sawasawa, na hata kwake hakupitia, kwa sababu wageni walikuwa wamekwisha kufika.

Bashiri alisimama kando ya wauza mihogo, mrefu, mkavu, kofia imekaa upande. Mwamini alikuwa mbali kidogo, amewapa mgongo, kanga imefunika kichwa chote.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona unanuka lori?"

"Ndiyo harufu ya mji, mjomba."

"Basi twende tukauone huo mji unaonuka."

Kulikuwa na jambo la kupanga kwanza. Mkwe mwanamume na mama mkwe hawatazamani uso. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite, na hali huwa hivyo mpaka itolewe zawadi ya kufungua uso, baada ya ndoa. Wakakubaliana kwamba Amri atangulie pamoja na mjomba, naye Mwamini afuate nyuma kwa mbali, akitazama chini. Ulikuwa mpango mzuri kabisa kwa watu wanaokwenda mbele. Hakuna aliyefikiri itakuwaje kiongozi akigeuka.

"Kwanza makatapila," Amri alisema, akatoka kwa mwendo wa mwenye mji.

Njia aliijua hata akiwa amefumba macho. Kutoka sokoni unakwenda moja kwa moja mpaka nyumba nyeupe ya bwana wa stoo, unakata kushoto, unazipita nyumba ndefu za mabati, na hapo tayari unasikia nyundo za karakana. Alikwenda akizungumza, akionyesha kwa mikono, akingoja nyumba nyeupe itokee. Haikutokea. Alidhani hajafika. Akaendelea. Barabara nayo ikaendelea, nyekundu, tupu, mpaka ikawafikisha kwenye mahindi ya mtu.

Bashiri aliyashika mahindi yale jani moja. "Haya ndiyo makatapila?"

"Tumepitiliza kidogo, mjomba."

Amri akageuka kwa kisigino, kwa madaha, kama anavyogeuka mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba atageuka. Uso kwa uso na mama mkwe wake.

"Mama wee!" Mwamini aliivuta kanga mpaka kidevuni, akaruka mtaro kama msichana, akachuchumaa huko ndani. Amri alifumba macho akabaki kasimama katikati ya barabara, mikono mbele, kama kipofu aliyeachwa na kiongozi wake.

"Umemtazama," alisema Bashiri.

"Sikumtazama, mjomba. Nimemwona tu."

"Kuna tofauti?"

"Kutazama ni kwa kupenda. Mimi nimeonyeshwa."

"Nani kakuonyesha? Mahindi?" Bashiri alisafisha koo. "Haya. Nimeliweka hilo akilini. Songa."

Walirudi nyuma polepole, naye Mwamini akapewa muda wa kutoka mtaroni na kukaa nyuma tena. Sasa Amri alitafuta kwa macho ya mwizi, huku na huku, na ndipo alipoona alichokuwa amekipita bila kukijua. Katika nyasi kulikuwa na sakafu ya saruji, safi, imefagiliwa na upepo. Kando yake sakafu nyingine. Halafu nyingine tena, zimejipanga sawa kama mikeka ya msibani baada ya watu kuondoka. Palipokuwa na nyumba nyeupe ya bwana wa stoo palibaki ngazi za kupandia barazani. Baraza haikuwepo. Ngazi zilipanda, zikafika juu, zikaisha.

Bashiri alizipanda, akasimama kileleni. "Hapa mtu anakuja kufanya nini?"

Amri aliyatazama yale majani, akaitazama barabara, akajiuliza kama lori lilimshusha mahali pengine panapofanana na Nachingwea. Soko lilikuwa lilelile. Jua lilitoka upande uleule. Lakini kila alipoweka jicho, kitu kilichopaswa kuwepo hakikuwepo.

Kwa bahati alimwona mtu anayemjua. Felisian, rafiki yake wa karakana, alikuwa juu ya paa la nyumba ya bati, spana mkononi, anafungua bolti huku anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani.

"Felisian! Nyumba ya bwana wa stoo iko wapi?"

"Imo ndani ya behewa."

"Behewa gani?"

"La treni, ndugu yangu. Tumeifungua, tumeipanga, tumeipakia. Ukitaka kumwona bwana wa stoo na yeye kapanda."

"Na karakana?"

"Nusu ipo."

"Na makatapila?"

"Mengine yapo, mengine yameondoka, mengine yapo lakini hayana moyo ndani, moyo umeondoka."

"Yanapelekwa wapi?"

Felisian aliinua mabega. "Mimi naambiwa fungua, nafungua. Huko mbele mwingine ataambiwa funga, atafunga. Siku tukikutana tutaulizana."

Amri alisogea chini ya paa, akashusha sauti. "Na nyumba yangu?"

Felisian aliacha kupiga mluzi. "Vitu vyako viko kwa mke wangu Dionisia. Sufuria, mkeka, na lile shati lako la sikukuu."

"Nimekuuliza nyumba, Felisian."

"Nilikufungulia mwenyewe, kwa uangalifu, sikumwachia mtu. Hata bati moja halikupinda."

"Anasema nini huyo?" Bashiri aliuliza kutoka juu ya ngazi zake.

"Anasema nyumba yangu imetunzwa vizuri sana, mjomba."

Damu ilimchemka Amri. Hakuwa na hasira na Felisian. Hasira yake haikujua ikae juu ya nani. Angepigana na mtu, lakini na sakafu ya saruji unapiganaje? Alijiambia kwamba makatapila si kitu, ni chuma tu. Mabomba ya kuogea hayawezi kubebwa, maana maji yako ardhini. Akamshika Bashiri mkono, akamwongoza kwa haraka ya mtu asiyetaka kuulizwa.

Mabomba yalikuwepo. Amri nusura apige kelele kwa furaha alipoyaona yakichuruzika kwa mbali. Kuta zake ndizo zilizokuwa hazipo. Mabomba yalisimama wazi kando ya barabara kama shingo za kuku walionyonyolewa, na chini ya mojawapo mtu mzima, amejaa povu tangu kichwani mpaka magotini, alikuwa akijisugua mgongo na kuimba.

"Karibuni!" alisema mwenye povu. "Maji yapo."

"Watu wa Nachingwea huoga barabarani?" Bashiri aliuliza, na safari hii hakutania.

Amri aliwaza jambo moja tu: mama mkwe yuko nyuma, anakuja, na baada ya hatua chache ataliona hili. Akageuka upesi kumzuia, mikono imetanuliwa kama mtu anayezuia ng'ombe. Wakakutana uso kwa uso tena, karibu kuliko mara ya kwanza, mpaka akaona kwamba mama huyo ana kovu dogo juu ya nyusi na kwamba macho yake ni ya Sabaha kabisa. Mwamini, asijue akimbilie upande wa mkwe au upande wa mtu wa povu, alizunguka hapohapo, akashika njia ya tatu katikati ya sakafu za saruji.

"Hilo nalo nimeliweka," alisema Bashiri.

Ilibaki sinema. Amri alikwenda kama mtu anayepelekwa, akiomba kimoyomoyo kitambaa kiwepo. Nguzo mbili alizikuta. Kitambaa hakikuwepo. Lakini watu walikuwepo! Walikuwa wamejaa, wameketi chini kwa mistari, wakizitazama nguzo mbili tupu na anga katikati yake, na jua bado kali. Mbele yao alisimama Ildefonsi, dereva wa trekta asiyekuwa na trekta tena, anapanda farasi asiyekuwepo.

"Hapo yule mwizi anashuka mlimani!" Ildefonsi alipaza sauti, akionyesha nguzo ya kushoto. "Vumbi! Vumbi! Anatokea huku, na yule bwana mwenye kofia anamngoja kule, hajui kwamba bunduki yake imetolewa risasi!"

"Nani kaitoa?" watu waliuliza kwa pamoja, ingawa wote walikuwa wanajua.

"Mbona bado mchana?" Amri alimuuliza jirani.

"Zamani tulingoja giza kwa ajili ya kile kitambaa," jirani alijibu bila kuondoa macho kwenye nguzo. "Sasa giza la nini? Kaa chini, unanizibia mlima."

Bashiri alizitazama nguzo, akawatazama watu, akazitazama nguzo tena. "Wanatazama nini?"

"Mahali ilipokuwa picha, mjomba."

"Na wanaiona?"

"Sijui," alisema Amri, na lilikuwa jibu la kweli la kwanza alilolitoa siku hiyo.

Bashiri alichuchumaa ili aone kwa usawa wa wengine. Kisha akaketi. Kisha kofia ikavuliwa, ikawekwa gotini. "Farasi wake mgonjwa?" alinong'ona.

"Mjomba, twende."

"Ngoja kwanza huyu ashuke."

Amri aligeuka nyuma, safari hii kwa hadhari, kwa pembe ya jicho, kiganja mbele ya uso. Nyuma hapakuwa na mtu. Alitoa kiganja. Hapakuwa na kanga mahali popote. Palikuwa na sakafu za saruji na majani na moshi wa mbali.

"Mjomba. Mama Sabaha hayupo."

"Yupo. Mtafute."

"Nimtafute vipi? Nikimpata nitakuwa nimemwona!"

"Basi mtafute bila kumpata," alisema Bashiri, macho kwenye nguzo. "Lakini ujue, nikirudi Matambarale bila dada yangu, huna mke, huna jembe, huna pa kupita upande ule mpaka unazeeka."

Basi Amri akatoka kumtafuta mtu asiyetakiwa kumwona. Alikwenda akitazama miguu ya watu. Aliita, lakini aite jina gani? Jina la mama mkwe halitajwi. "Aliyefunika kichwa!" aliita. "Mgeni aliyefunika kichwa!" Wanawake wengi waliofunika vichwa waligeuka, naye kila mara akafumba macho, na mmoja akamwambia akalale, pombe si ya mchana. Alipotea. Alipotea Nachingwea, yeye Amri, kati ya sakafu ambazo kila moja ilikuwa sawa na mwenzake, na pengine alikanyaga sakafu ya chumba chake mwenyewe asiitambue. Kiburi chote kilimtoka kidogo kidogo kwenye jasho. Angemwona mtu yeyote wakati ule akamwambia, hapa si Nachingwea, hapa ni pengine, angeshukuru.

Kilichomwokoa ni kicheko. Pembeni kabisa, mahali ambapo mabati hayakuwahi kufika, palikuwa na nyumba za miti na udongo walizojijengea watu wenyewe, na nyuma ya ukuta mmoja wanawake walikuwa wakicheka. Dionisia, mke wa Felisian, alichungulia.

"Shemeji Amri! Kama unamtafuta mtu, usije huku. Yuko kwangu."

Amri aliuegemea ukuta kwa mgongo, akateleza mpaka chini. "Mzima?"

"Mzima, anakula mihogo. Alikuja mbio akasema anamkimbia mkwe. Tumecheka mpaka mtoto kaamka."

Punde si punde Bashiri naye akafika na Felisian aliyemkuta kwenye nguzo, akiwa bado anamuuliza kama mwizi alikamatwa. Alipojua dada yake yuko salama, alikumbuka kilichomleta.

"Haya," alisema. "Tumemaliza. Nimeona ngazi, nimeona mtu wa povu, nimeona nguzo. Hii ni kambi, na kambi yenyewe inafungwa. Lakini kabla ya jembe kuna jingine. Umemwona mkwe wako uso, tena na tena, kabla ya wakati. Kwetu hilo husafishwa leoleo, jua halijazama. Zawadi. Na iwe kitu ambacho Matambarale hakipo, ili akirudi awaonyeshe wanawake wenzake kwamba hakuvunjiwa heshima bure."

Amri aliinuka akakimbia. Duka la Mhindi lilikuwa wazi, lakini rafu zilikuwa tupu; kanga, vikombe, vioo, vyote vilikuwa masandukuni, na masanduku yamepigwa misumari. Mhindi alikuwa ameketi juu ya moja.

"Kila kitu ndani, bwana. Nafungua tena, nani anapiga misumari?"

"Kitu chochote. Kitu ambacho Matambarale hakuna."

Mhindi alifikiri. Kilichobaki nje kilikuwa jokofu la mafuta ya taa peke yake, zito, linalongoja wabebaji wa kesho. Alilifungua, akagonga trei ukutani, akammwagia Amri barafu ndani ya kopo lenye maranda ya mbao. "Chukua yote. Mimi nazima sasa hivi. Kimbia lakini, bwana, hiyo haingoji mtu."

Amri alikimbia kopo likimdondokea tumboni. Alilipitisha juu ya ukuta kwa mikono ya Dionisia, akageuka, akauwekea ukuta mgongo. Kisha kikasikika kilio.

"Kinaniuma! Kiondoeni! Kinachoma!"

"Shika, mama, shika," Dionisia alimhimiza. "Hakichomi. Ni maji."

"Maji gani yana meno?"

Wanawake walicheka, halafu wakanyamaza, na ikasikika sauti ya mtu anayetafuna kitu kigumu kwa hofu, kisha kwa hamu.

"Ameipokea?" Bashiri aliuliza. Alikuwa amesimama upande wa Amri, anaunyoshea ukuta shingo.

Dionisia alitokeza kichwa. Mwamini alikuwa hatua mbili nyuma yake na kila neno lilisikika, lakini mila ni mila. Maneno yalipita kwa Dionisia. "Anasema ameipokea. Nyingine ameila, nyingine imemwishia mkononi."

"Imeisha? Sasa kule nyumbani ataonyesha nini? Mkono mbichi? Basi haikupokelewa."

"Anasema, mwambieni kaka yangu mkono ni wangu, si wake. Mimi ndiye ninayejua kama umepokea."

Dionisia alisikiliza nyuma, akarudi. "Anamuuliza kijana: nyumba yako iko wapi?"

Amri alihisi maneno yote makubwa ya Nachingwea yakimjaa mdomoni kama zamani, mabati, mabomba, makatapila. Akayameza. "Mwambie mama, sijui. Asubuhi nilikuwa najua. Niliwaleta niwaonyeshe mji na mimi mwenyewe nimepotea ndani yake. Lakini mwambie pia siwezi kwenda Matambarale. Siyo kwa sababu ya jembe. Hapa ndipo nilipojifunza kila kitu ninachokijua, na kama wameondoa mabati na waondoe. Nitajenga ya miti na udongo kama hii ya Felisian. Hiyo haina bolti. Hakuna atakayekuja na spana."

Alisema kwa sauti ya juu, karibu ya ugomvi, na alipomaliza aliona kwamba amekunja ngumi.

Nyuma ya ukuta pakawa na minong'ono mirefu. Dionisia aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua kama acheke.

"Anasema mila isivunjwe. Mwanamume atajenga pembeni mwa mama mkwe wake."

Bashiri alipiga kiganja juu ya kiganja. "Mmesikia! Jembe!"

"Hajamaliza," alisema Dionisia. "Anasema zawadi aliyopewa haibebeki. Hawezi kuipeleka Matambarale, na kurudi na mkono mtupu ni aibu. Kwa hiyo harudi. Atakaa hapa. Mimi nina dada mkubwa mwenye uwanja huku nyuma, tumekwisha kusemezana. Wanawake wa Matambarale wanaotaka kuiona zawadi waje na Sabaha, wamlete. Na kijana ajenge pembeni mwake, kama mila inavyotaka."

"Mwamini!" Bashiri aliusahau ukuta, akaita kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "Nani atatwanga kwangu?"

Safari hii hakumngoja Dionisia. "Wake zako wana mikono!"

"Mimi nilisema nikiuona mji! Sijauona!"

"Mzee," alisema Felisian taratibu, "pale kwenye nguzo nimekuvuta mara ngapi ndiyo ukainuka?"

Bashiri alivaa kofia, akaivua, akaiangalia ndani kana kwamba kuna jibu humo. Neno lake lilisema asipouona mji, kijana ajenge kwa mama mkwe. Mama mkwe alikuwa hapa. Alilizungusha jambo hilo kwa upande huu na upande ule, na kila upande lilimrudisha Nachingwea. "Atalima nani shamba langu, basi?" alisema mwishoni, lakini si kwa sauti ya mtu anayetaka kujibiwa.

"Nitakuja kupalilia, mjomba," alisema Amri. "Mvua zikianza."

"Utakuja na miguu yako, si kwa lori."

"Kwa miguu, mjomba."

Felisian alimsogelea rafiki yake. "Sasa wewe umeshinda au umeshindwa?"

"Sijui," alisema Amri. "Nishikie kamba."

Kwa kuwa jua lilikuwa bado lipo, walikwenda nyuma ya ukuta mwingine wakaanza kupima uwanja kwa kamba ya mizigo ya Felisian na vijiti vya muhogo. Hapa nyumba ya mama, hapa nyumba ya Amri. Njia ilikuwa moja tu, nyembamba, kati ya nyumba na nyumba. Amri alisimama katikati yake, akanyosha mikono, na karibu aguse huku na huku. Alilitaka jambo hili kwa moyo wote, na limekuja, na sasa limesimama mlangoni mwake limefunika kichwa kwa kanga.

Alirudi kwenye ukuta akazungumza nao kwa adabu.

"Dada Dionisia. Mwulize mama, bombani atakuwa anakwenda wakati gani, ili mimi nijue wakati wa kukaa ndani."

Dionisia aliuliza. Jibu lilichukua muda, kwa sababu mwenye kujibu alikuwa akinyonya kipande cha mwisho kilichokuwa kimejificha ndani ya maranda.

"Anasema hajui bado. Ndiyo kwanza amehamia mjini."